Vigelegele Visivyo na Goli

Mwanamume akija bandani kwangu akaniambia, "Bi Mwanaidi, naomba unitafutie goli langu la kichwa, lile la mwaka wa mvua nyingi," simwulizi walicheza na nani wala ilikuwa tarehe ngapi. Namwuliza, "Mkeo alivaa khanga gani?"

Mgeni hudhani namtania. Watu wa mtaani kwetu hapa Lindi wamezoea. Huondoka kimya kimya kwenda kuwauliza wake zao, na huko ndiko mambo yanakoanzia. Idd, aliyekuwa kipa wa timu yetu, alikwenda kumwuliza mkewe, akajibiwa kwamba khanga pekee anayoikumbuka ya mwaka wa mechi hiyo anayoitafuta ni ile aliyoahidiwa, na anaisubiri mpaka leo. Wakanuniana. Kesho yake alikuja mke mwenyewe, kajifunga doti mpya bado inanuka duka, anacheka tangu barabarani.

"Da Mwanaidi, sasa nimekumbuka! Ilikuwa ya zambarau, yenye mabibo."

Nikanyoosha mkono darini, nikashusha utepe wa khanga ya zambarau yenye mabibo, nikachomoa sidii. Tukaiona ile penalti ambayo Idd ametusimulia miaka yote jinsi alivyoipangua. Hakuipangua. Mpira ulimgonga usoni akiwa amefumba macho. Mkewe aliirudisha penalti ile mpaka rimoti ikapata moto, na mimi nilicheka nikakaa chini.

Mimi sikusoma. Herufi nimezijua ukubwani, kwa kutazama majina ya timu kwenye televisheni, na mpaka sasa naandika polepole. Lakini nilipoachiwa gunia la sidii zisizo na alama yoyote, hata A sikuijua. Gunia lilikuwa la mume wangu, Abdulatifu. Alikuwa na kamera, na kila palipochezwa mechi ya mchangani, kuanzia hapa mjini mpaka Kilangala, alikwenda kurekodi, kisha akaonyesha bandani. Watu walimiminika kujitazama. Hakuna sinema inayopendwa kuliko ile ambayo mtazamaji mwenyewe yumo ndani yake anakosa goli. Ila Abdulatifu hakuandika kitu juu ya sidii zake. Alisema kumbukumbu zote anazo kichwani. Nilikuja kujua baadaye kwamba kichwani mwake mlikuwa na mambo mengine.

Akaanza kwenda Mtama kwenye biashara ya korosho, na banda likafa. Paa lilivujia juu ya deki, spika ikawa inakoroma, wateja wakahamia kwa jirani aliyeonyesha mpira wa Ulaya. Ndipo aliponipa. Alinipa mbele ya watu, uwanjani, kwa kipaza sauti, na wanawake wakanipigia vigelegele. Mwanamume hutoa kwa urahisi kitu kilichokufa.

Nikalifufua kwa mihogo ya kukaanga. Karai langu nililiweka mlangoni, na ndani nikaziacha sidii zizunguke moja baada ya nyingine, nijue kilichomo. Macho yangu yalikuwa kwenye mafuta, kwa hiyo nilitafuta kwa masikio. Na masikio yalinifunza jambo. Kelele za wanaume uwanjani hazina maana yoyote. Wanaume hupiga kelele kwa kona, kwa faulo, kwa mbwa aliyeingia uwanjani, kwa mwenzao aliyekalia siafu. Lakini wanawake wa kwetu hawaharibu koo zao kwa kona. Mpaka mpira uingie wavuni. Basi nikisikia kigelegele tu, upawa chini, mbio ndani, unga mikononi, na goli nimelipata.

Kujua ni mechi ya lini, nilitazama pembezoni mwa uwanja. Kila msimu wanawake wa timu hununua sare, na khanga ya msimu huu haiwezi kuvaliwa sare msimu ujao, tungechekwa mpaka Kilwa. Nikachana kipande kutoka kila khanga yangu kuukuu, nikatungia sidii za msimu wake kwenye utepe huo, nikafunga fundo kwa kila goli: la juu kipindi cha kwanza, la chini kipindi cha pili. Tepe zikaning'inia darini rangi kwa rangi. Mtu akiingia mara ya kwanza hudhani kuna harusi.

Kasoro ilikuwa moja. Kuna vigelegele visivyo na goli. Mara ya kwanza nilikimbilia ndani nikakuta vijana waliotoka jandoni wanapitishwa kando ya uwanja wakiwa na nguo mpya, na hakuna anayeutazama mpira tena. Mara nyingine ni refa, kaletewa habari katikati ya mechi kwamba mkewe kajifungua mapacha, akaondoka mbio na filimbi mdomoni, inalia njia nzima. Sidii za namna hiyo, zile ambazo mechi zake ziliisha bila goli hata moja, nilizitupa kwenye kapu bovu chini ya meza. Nikaliita kapu la vigelegele vya bure.

Banda likachangamka. Wachezaji wa zamani walikuja na watoto wao, watoto wakaja na wenzao, mabeki waliostaafu wakagombana na televisheni. Hapo ndipo Abdulatifu alipokumbuka kwamba ana banda. Alikuwa ameshamwoa Kadija huko Mtama. Talaka yangu ilikuja kwa ujumbe wa simu, na kwa kuwa sikujua kusoma, nilimpa jirani anisomee. Alinisomea akatafuta pa kuangalia. Miaka yote ile nimempikia mtu yule, na mwisho wake nikausikia kwa mdomo wa jirani. Haukupita muda akaja mwenyewe, kofia imenyooka kichwani, akataka ufunguo. Banda, televisheni, deki, sidii zote. Kadija atahamia mjini, alisema, na anahitaji shughuli ya kufanya.

Nami nilikuwa na nini kingine? Ningetoka pale na karai na upawa.

Tukapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Ambrosi, na Sheikh Yassin akaitwa, kwa kuwa lilikuwa suala la hiba. Mkeka ulitandikwa barazani, ua ukajaa. Nilieleza kwamba Abdulatifu alinipa banda kwa kipaza sauti, siku ya fainali, uwanja mzima ukisikia.

"Sheikh," Abdulatifu akasema kwa upole, "mimi nilimweka pale alinde. Mtu akimkabidhi mkewe jiko, ndiyo kampa nyumba?"

Watu wakaguna. Lilikuwa neno zuri, nalikiri. Sheikh akaanza kuita mashahidi.

"Bwana Idd, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, sheikh. Golini."

"Abdulatifu alisema nini kwenye kipaza sauti?"

"Alisema... sheikh, kwanza ujue lile goli la kwanza la Kilangala lilikuwa la kuotea. Refa akalikubali!"

"Sikukuuliza refa."

"Ndiyo hapo sasa, sheikh! Hakuna aliyewahi kumwuliza!"

Ua mzima ukacheka. Akaitwa Saad, binamu yake Abdulatifu, fundi baiskeli.

"Bwana Saad, alisema nini?"

"Mbili moja."

"Alisema mbili moja?"

"Hapana, sheikh. Ilikuwa mbili moja. Alichosema sikumbuki."

Na hivyo hivyo wote. Kila mmoja alikuwepo, kila mmoja alikumbuka nani alipiga kona na nani alivua jezi, na maneno ya mume wangu hayakubaki kwenye kichwa hata kimoja. Mwisho akaulizwa Bi Kazija, mama yake Abdulatifu, mama mkwe wangu wa siku zote.

"Shikamoo, mama yetu. Unaikumbuka hiba hiyo?"

"Marahaba, baba. Mimi mtu mzima sasa," Bi Kazija akasema, macho kwenye mkeka. "Sikumbuki hata nilichokula asubuhi."

Alikula mihogo yangu. Na alilalamika kwamba pilipili ni kidogo.

Sheikh Yassin akajifuta uso. "Hiba ikithibiti hairudi," akasema. "Lakini ithibiti. Mwanaidi, watu wote wananiambia hakuna neno la uwanjani lisilojulikana lilipo bandani kwako. Basi nenda ukalitafute neno la Abdulatifu. Ijumaa tukikutana bila hilo, utampa ufunguo wake."

Nilirudi mbio. Fainali ile wanawake tulivaa khanga ya njano yenye nanga. Utepe wa njano nikaushusha kabla sijavua viatu. Magoli matatu, mafundo matatu, yote yapo: la kuotea la Kilangala, na mawili yetu. Kikombe kikatolewa, soda zikamwagwa, watu wakabebana, sidii ikaisha. Abdulatifu hasikiki. Nikairudia. Nikaiweka tena nikiwa nimeziba jicho moja, huenda masikio yangepata nguvu. Hakuna.

Nikaanza kushusha tepe zote. Habari ikasambaa kwamba Bi Mwanaidi anatafuta hiba na kuingia ni bure, basi bandani hapakuwa na pa kukanyaga. Walikuja kunisaidia, walisema. Lakini kila mmoja, mechi yake ikifika, alisahau kilichomleta.

"Hapo, hapo! Da Mwanaidi, rudisha kidogo hapo nilipompiga chenga!"

"Tunatafuta hiba!"

"Hiba tumeielewa. Rudisha hapo tu, anguko lake hukuliona vizuri."

Nikirudisha, yule aliyepigwa chenga naye yumo ndani, anasimama kujitetea kwamba aliteleza. Anatafutwa shahidi wa utelezi. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka, kwa kuwa mtu hawezi kulia vizuri huku wazee wawili wenye mvi wanaonyeshana sakafuni jinsi utelezi ulivyokuwa, na mmoja kaanguka kweli.

Alhamisi nilikuwa nimemaliza tepe zote. Kila fundo nimelisikiliza. Watu wamekwenda zao, nimekaa juu ya karai nililolifudikiza, ufunguo nimeushika mkononi. Akaingia Tekla na ungo wake wa mboga. Tekla ni Mmwera, mimi Mmatumbi, kwa hiyo ni mtani wangu, na hajawahi kuniambia neno jema tangu tujuane.

"Mmatumbi wewe, kichwa kimejaa moshi wa mihogo. Umepata?"

"Mmwera, nenda kalime. Sijapata."

"Sasa nikuulize. Siku aliyokupa, ulipigiwa vigelegele?"

"Nilipigiwa mpaka masikio yakaziba."

"Ulifunga goli?"

"Goli gani? Nilikuwa nimesimama pale na beseni la mihogo kichwani!"

"Haya," Tekla akasema, akatua ungo. "Kama hukufunga goli, mbona unajitafuta kwenye magoli?"

Nilimtazama. Naye akanitazama. Kisha wote wawili tukatazama chini ya meza.

Kapu nililivuta mimi, Tekla akawasha deki. Jamani! Miaka yote nilikuwa nimetupa vitu vile! Vijana wa jando wakapita na nguo zao mpya. Refa akakimbilia mapacha wake, filimbi inalia. Ng'ombe akaingia uwanjani na khanga ya mtu imenasa kwenye pembe, beki mmoja akamkaba kwa uaminifu kabisa. Suruali ya kocha wa wageni ikapasuka alipochuchumaa kutoa maelekezo. Kila tulipoweka sidii, kigelegele, na kila kigelegele na kichekesho chake. Tekla alikuwa amelala chini anapiga sakafu kwa kiganja, mboga zimemwagika, mimi machozi yananitoka, na katikati ya kicheko nikasikia kipaza sauti kinakwaruza.

"Kimya!" nikamwambia Tekla.

Picha ilikuwa imelala upande. Kamera iliwekwa chini, juu ya begi, na ilichoona ni vifundo vya miguu na kuku anayedonoa katikati ya uwanja. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye mwiba. Nikakumbuka yote kwa mara moja! Haikuwa fainali. Ilikuwa mechi ya kabla yake, bodaboda katumwa kuleta mpira mwingine, na bodaboda yule hajarudi mpaka leo. Mechi ikavunjika bila goli. Watu walipoanza kuondoka, Abdulatifu alichukua kipaza sauti awazuie, akamaliza salamu, akamaliza vichekesho, hana la kusema tena, ndipo aliponiona mimi na beseni langu. Sisi sote tukaja kuikumbuka kuwa ni fainali, kwa sababu fainali ndiyo inayokumbukwa.

Sauti yake ilikuwa safi kama anasema nami pale ndani: "Jamani, msiondoke! Mnamwona mke wangu Mwanaidi? Banda langu na vyote vilivyomo, nampa yeye, hiba, kuanzia leo, mbele ya Mungu na mbele ya timu zote mbili!"

Na hapo hapo kikaja kigelegele. Kirefu, chembamba, kikakatika katikati kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, kisha kikaanza upya kwa juu zaidi. Lindi nzima ina kigelegele kimoja tu cha namna hiyo.

Tekla akainuka sakafuni, jani la mchicha kwenye nywele. "Shoga," akasema, "huyo si mkweo?"

Ijumaa baada ya sala, televisheni ilibebwa mpaka barazani kwa Bwana Ambrosi. Nikaweka sidii. Picha ilipotokea imelala, Sheikh Yassin akainamisha shingo upande wa kulia aione vizuri. Mwenyekiti naye akainamisha. Ua mzima ukainamisha shingo, wake kwa waume, kama mihogo iliyopigwa na upepo, na kuku akapita kwenye kioo.

Kipaza sauti kikakwaruza. Maneno ya Abdulatifu yakatoka, yote, mpaka "timu zote mbili".

"Sauti za watu hufanana, sheikh," Abdulatifu akasema. Upole ulikuwa umepungua.

Na kigelegele kikaja.

Sasa, mwanamke wa kwetu akisikia kigelegele, hana uamuzi. Mkono huenda wenyewe. Bi Kazija alikuwa amekaa nyuma ya mwanawe kwa heshima zote, buibui limemfunika, macho kwenye mkeka. Aliposikia sauti yake mwenyewe ya siku ile, mkono ukapanda mdomoni, na kikatoka! Kirefu, chembamba, kikakatika katikati kwa kwikwi ile ile, kikaanza upya juu zaidi. Wanawake wa uani wakakipokea. Mke wa Idd akakipokea, Tekla akakipokea, wapita njia wakakipokea bila kujua wanashangilia nini. Bwana Ambrosi aligonga meza, hakuna aliyemsikia.

Watu walipotulia, Bi Kazija alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Mama yetu," Sheikh akasema, naye anajizuia kucheka, "umekumbuka?"

"Nimekumbuka, baba." Akamgeukia mwanawe. "Ulisema, Abdulatifu. Mimi ndiye niliyekupigia cha kwanza. Nilifurahi siku ile. Nilidhani nimezaa mtu."

Abdulatifu akaivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Hiba imethibiti," Sheikh Yassin akasema. "Mwanaidi, nenda kafungue banda lako."

Nilikwenda, na kundi zima nyuma yangu, televisheni inabebwa mbele kama bibi harusi. Tangu siku hiyo sidii za lile kapu zina utepe wake, mrefu kuliko zote, na ndizo zinazoombwa zaidi. Ng'ombe yule watu humwomba kwa jina. Bi Kazija huja karibu kila jioni kujisikiliza, na bado analalamika kuhusu pilipili.

Abdulatifu nilikaa muda mrefu sijamwona. Juzi akatokea mlangoni, akasimama chini ya tepe zangu.

"Habari za hapa, Mwanaidi."

"Nzuri."

"Kuna mechi moja," akasema, anatazama karai. "Ile niliyocheza mimi, Saad akarekodi. Nilifunga goli kutoka mbali. Kadija hasadiki kwamba niliwahi kucheza. Ananicheka mbele za watu. Nakuomba unitafutie."

Tekla alikuwa ndani. Akachungulia na ungo wake mkononi.

"Hakuna tabu," nikamwambia Abdulatifu, kama ninavyowaambia wote. "Mkeo alivaa khanga gani siku hiyo?"

Akazitazama tepe darini, rangi kwa rangi. Mkewe, siku hiyo, nilikuwa mimi.

Ilikuwa nyeupe, yenye maembe ya kijani pembeni. Aliinunua mwenyewe, akaniletea imefungwa kwenye gazeti, na goli lilipoingia nilipiga kigelegele mpaka ikanidondoka mabegani. Utepe wake ulikuwa unaning'inia pale pale mlangoni, unamgusa kofia.

"Kakumbuke kwanza," nikamwambia, nikageuza mihogo yangu, maana ilikuwa inaungua.